Mdakaji Namba Mbili

Jioni ya tarehe 1 Mei 2006, gari la polisi lilikata mitaa ya Boston kuelekea uwanja wa Fenway Park, na kwenye kiti cha nyuma mwanamume wa miaka 35 alikuwa akihangaika kuvaa sare ya besiboli. Jina lake Doug Mirabelli. Siku ilipoanza alikuwa mchezaji wa San Diego Padres, upande wa pili kabisa wa Marekani. Boston Red Sox walikuwa wamempeleka huko wenyewe miezi mitano nyuma. Sasa walimrudisha kwa kuwapa Padres wachezaji wawili, akasafirishwa kwa ndege ya kukodi na kufunguliwa njia na polisi, kwa sababu usiku huo walikuwa wanacheza na mahasimu wao New York Yankees na mrushaji wa zamu alikuwa Tim Wakefield.

Wakefield alikuwa mtu wa mrusho mmoja, nakoboli. Anayeurusha hubana mpira kwa ncha za vidole ili uende bila kuzunguka, na mpira usiozunguka huchezewa na hewa: unayumba, unashuka ghafla, unakwenda usikotarajiwa. Hauna kasi, ila hata aliyeurusha hajui utaishia wapi. Josh Bard, mdakaji aliyepewa kazi ya kumpokea Wakefield msimu huo, aliiacha mipira kumi impite katika mwezi wa Aprili peke yake. Mirabelli hakuwa mpigaji hodari wala mkimbiaji. Alikuwa na jambo moja, kwamba aliweza kuupokea mpira wa Wakefield, na kwa jambo hilo Red Sox wakaona si aibu kumfuata waliyemwacha. Boston walishinda 7 kwa 3.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ni nadra kazi ya mdakaji wa akiba kuonekana waziwazi namna hii. Kwa kawaida haionekani kabisa. Mtazamaji huona jina lisilojulikana kwenye orodha, wastani wa upigaji unaotia huruma, na historia ya klabu saba au tisa, akajiuliza: huyu anaishije katika ligi ya matajiri?

Tuanze na kiti chenyewe. Katika besiboli, timu inayolinda ina watu tisa uwanjani. Wanane humtazama mpigaji, na wa tisa, mdakaji, huchuchumaa nyuma ya mpigaji akiwatazama wenzake wote. Mbele yake, mita zipatazo 18, yupo mrushaji. Mrusho wa kasi katika Ligi Kuu ya Marekani, MLB, siku hizi hufika wastani wa kilomita 150 kwa saa, na hutua kwenye glovu ya mdakaji chini ya nusu sekunde baada ya kuachiwa. Katika mechi ya awamu tisa mdakaji huchuchumaa kwa mirusho 140 au 150. Mingine hukwaruzwa na gongo dakika ya mwisho na kubadili njia, ikampiga kwenye kidole, paja, koo au kinyago. Baada ya kila mrusho anainuka, anarudisha mpira, anachuchumaa tena.

Msomaji wa mpira wa miguu atasema: basi huyo ni kipa, na tunayemzungumzia ni kipa namba mbili. Ni karibu kweli. Lakini kipa namba mbili anaweza kusugua benchi tangu Agosti hadi Mei bila kuchafua jezi, na timu isidhurike. Msimu wa MLB una mechi 162 ndani ya siku zipatazo 186. Hakuna magoti yanayobeba hilo. Mdakaji wa kwanza wa klabu nyingi hucheza mechi 110 au 120 katika nafasi hiyo, na zinazobaki lazima azicheze mwingine. Kuna desturi ya ratiba inayojulikana na kila shabiki: ikichezwa mechi usiku na kesho yake mchana ikachezwa nyingine, ya mchana ni ya mdakaji wa akiba. Hivyo hata klabu yenye mdakaji nyota inahitaji wa pili anayeaminika, na inahitaji mwingine mmoja au wawili katika timu yake ya Triple-A, daraja lililo chini ya Ligi Kuu, wakisubiri kidole cha mtu kivunjike. Klabu ziko 30. Piga hesabu, utaona soko la kazi ambalo mtu wa kipaji cha wastani anaweza kudumu humo miaka kumi na tano, mradi awe tayari kuhama.

Soko hilo hujionesha wazi katikati ya Februari, klabu zinapofungua kambi za mazoezi Florida na Arizona. Warushaji na wadakaji huitwa siku kadhaa kabla ya wachezaji wengine. Warushaji huja kwa makumi, na kila mmoja anahitaji mtu wa kumdakia kila siku. Ndiyo maana klabu hualika wadakaji sita au wanane huku ikijua itawabakiza wawili. Wengi wa walioalikwa wana mkataba wa ligi ndogo tu na ruhusa ya kuonekana. Kwa siku hizo wanahitajika kwa ajili ya mikono yao. Sioni ubaya kulisema hivyo. Wao wenyewe wanalijua, na wengine wameingia Ligi Kuu kupitia mlango huohuo.

Erik Kratz aliupita zaidi ya mara moja. Alizaliwa mwaka 1980 katika jimbo la Pennsylvania, akasoma chuo kidogo cha Wamenoniti, Eastern Mennonite, huko Virginia, mahali ambapo wasaka vipaji hawakupiga kambi. Katika drafti ya mwaka 2002, ambapo klabu hutaja kwa zamu vijana zinaowataka, Toronto Blue Jays walimtaja raundi ya 29, wakati vijana zaidi ya 800 walikuwa wameshatajwa. Miaka minane iliyofuata aliimaliza kwenye mabasi ya ligi ndogo. Alipoingia mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu, tarehe 17 Julai 2010 akiwa na Pittsburgh Pirates, alikuwa na miaka 30. Wachezaji wengi wa umri huo wameanza kuzungumzia kustaafu.

Kuanzia hapo fuatilia njia yake kama unavyofuatilia gari la mizigo: Pittsburgh, Philadelphia, Toronto, Kansas City, Philadelphia tena, Houston, Pittsburgh tena, New York, Milwaukee, San Francisco, Tampa Bay, na New York tena. Hizo ni zile alizocheza tu. Katikati kuna klabu zilizomsajili, zikamweka ligi ndogo au zikamwachia kabla hajagusa uwanja wao. Klabu tisa za Ligi Kuu, misimu kumi na moja, mechi 332. Mchezaji wa kudumu asiyeumia huzimaliza mechi hizo kwa misimu miwili na kidogo.

Kuhama huku kuna kanuni zake. Klabu ina orodha ya watu 40 wenye mkataba wa Ligi Kuu, na ndani yake 26 ndio wanaocheza. Mchezaji aliye kwenye 40 anaweza kushushwa ligi ndogo na kupandishwa tena kwa misimu mitatu tu. Misimu hiyo ikiisha, klabu inayotaka kumshusha lazima kwanza imwondoe kwenye orodha, na ndani ya siku saba imuuze, imwachie, au imtangaze kwa klabu nyingine zote ili anayemtaka amchukue. Mdakaji mkongwe wa akiba karibu kila mara ameshamaliza misimu yake mitatu. Kwa hiyo mdakaji nyota akirudi kutoka majeruhi, wa akiba hashushwi kimyakimya, anatupwa sokoni. Ndipo klabu ya tatu, ambayo mdakaji wake ameumia juzi, inamwokota. Mke anafungasha, watoto wanabadili shule, au wanabaki na baba anaondoka peke yake na mifuko miwili ya vifaa.

Na fedha? Mwaka 2010, Kratz alipoingia, kima cha chini cha mshahara wa Ligi Kuu kilikuwa dola 400,000 kwa msimu, na mwaka 2026 ni dola 780,000. Zinasikika nyingi, na ni nyingi. Lakini hulipwa kwa siku: aliyekaa juu siku ishirini hulipwa za siku ishirini, kisha anarudi kwenye malipo ya ligi ndogo, ambayo hadi miaka michache iliyopita yalikuwa ya kumfanya mtu mzima atafute kibarua baada ya msimu. Chama cha wachezaji kilifanikiwa kuweka kizingiti kimoja kinachojulikana na kila mhamaji: ukifikisha siku 43 katika Ligi Kuu, umepata haki ya pensheni. Watu wamekaa Triple-A mwaka mzima wakihesabu siku hizo kama wafungwa wanaohesabu kifungo.

Mwaka 2014 Kansas City Royals walifika World Series, fainali ya mchezo huu, na Kratz alikuwa nao. Mdakaji wa kwanza alikuwa Salvador Perez wa Venezuela, mtu mwenye mwili wa chuma. Royals walicheza mechi 15 za mtoano na Perez alianza zote. Kratz hakuingia hata moja. Mwezi mzima alivaa vifaa, akawapasha moto warushaji, akakaa. Ilibidi asubiri hadi mwaka 2018, akiwa Milwaukee Brewers na miaka 38, ndipo akaanza mechi yake ya kwanza ya mtoano. Tangu Lave Cross mwaka 1905, hakuna mchezaji asiye mrushaji aliyekuwa ameanza mechi ya namna hiyo kwa mara ya kwanza akiwa na umri mkubwa hivyo. Dhidi ya Colorado Rockies alipata mipigo mitano kati ya nafasi nane. Waandishi wa Marekani waliandika wee, kana kwamba ameshuka kutoka mbinguni. Wastani wake wa maisha yote ni 0.209, yaani katika kila nafasi tano hupata mpigo mmoja na chembe. Mechi mbili nzuri hazikubadili lolote: msimu uliofuata alichezea klabu mbili, akaachwa, akarudi Triple-A.

Sasa tufike kwenye swali la mtazamaji wetu. Ikiwa mtu hapigi, klabu tisa zinamtakia nini?

Mfano unaokera zaidi ni Jeff Mathis. Alicheza Ligi Kuu misimu 17, kuanzia 2005 hadi 2021, kwa wastani wa 0.194. Kwa nafasi yoyote nyingine uwanjani, wastani chini ya 0.200 ni barua ya kuachishwa kazi. Ila mwishoni mwa mwaka 2018, Mathis akiwa na miaka 35, Texas Rangers walimpa mkataba wa miaka miwili wenye thamani ya zaidi ya dola milioni sita. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wanalipia upokeaji.

Mwamuzi husimama nyuma ya mdakaji na kuamua kama mrusho umepita ndani ya dirisha la kuwaziwa lililo mbele ya mpigaji, lenye upana wa sentimita 43. Ukipita ndani ni straiki, na straiki tatu humtoa mpigaji. Ukipita nje ni hasara ya mrushaji. Mirusho inayopita katikati haina ubishi. Ubishi uko kwenye kingo, na kingo ndizo makao ya warushaji wazuri. Mdakaji mbovu huufuata mpira kwa kuurushia glovu, na glovu ikikokotwa nje, jicho la mwamuzi hukokotwa nayo. Mdakaji stadi huanzisha glovu chini, akaupokea mpira huku mkono ukielekea ndani, taratibu, kifundo kikiwa kimelegea, akaushikilia kidogo. Mwamuzi anaona mpira umetulia ndani. Kwa karne nzima wachezaji walijua kuwa kuna wenye mkono wa namna hiyo, lakini hakuna aliyeweza kusema una thamani gani.

Kamera ndizo zilizobadilisha mambo. Kuanzia misimu ya 2007 na 2008, kila uwanja wa Ligi Kuu ulifungwa mtambo wa kupima njia ya kila mrusho. Ghafla ilikuwapo orodha ya mamilioni ya mirusho, mahali hasa kila mmoja ulipopita, na mwamuzi alisema nini. Wachambuzi wakapanga mirusho ya kingoni kwa jina la mdakaji, wakakuta tofauti kubwa kuliko walivyotarajia: kati ya mpokeaji bora na mbovu kulikuwa na pointi nyingi mno kwa msimu, za kutosha kugeuza idadi ya mechi zinazoshindwa. José Molina wa Puerto Rico, mtu mzito asiyepiga wala kukimbia, aliyeishi miaka mingi kama mdakaji wa akiba, akajikuta kwenye kilele cha orodha hizo, na Tampa Bay Rays wakampa kazi ya kudumu akiwa anakaribia miaka 37. Nadhani hakuna kundi la wachezaji lililofaidika na takwimu kuliko hawa vijeba wenye magoti mabovu, ingawa miaka yote walikuwa wakiziogopa.

Hata hivyo upokeaji ni sehemu moja tu. Nyingine ni ngumu zaidi kupima. Mdakaji ndiye anayependekeza kila mrusho: wa kasi au wa kupinda, juu au chini, ndani au nje. Zamani alifanya hivyo kwa vidole vilivyofichwa katikati ya mapaja. Tangu 2022 anabonyeza kitufe, na mrushaji anasikia sauti ndani ya kofia yake. Mwaka 2023 ikaongezwa saa: mrushaji ana sekunde 15 kuachia mpira kama hakuna mkimbiaji, na tangu 2024 sekunde 18 kama yupo. Ndani ya muda huo mdakaji akumbuke mpigaji huyu alifanya nini dakika arobaini zilizopita, mrushaji wake leo mrusho gani haumtii, na mwamuzi wa leo ana ubahili upande gani. Kumfuata mrushaji katikati ya uwanja kwa mazungumzo kumewekewa mipaka. Sasa timu ina ruhusa nne tu katika awamu tisa. Warushaji wengi wanatoka Jamhuri ya Dominika na Venezuela, na mdakaji asiyejua Kihispania cha kubembeleza na cha kukemea hafiki mbali.

Je, hekima hii inaonekana kwenye matokeo? Karibu mwaka 2000 mtakwimu Keith Woolner alijaribu kuisaka. Alilinganisha warushaji wanavyofanya wakidakiwa na mtu mmoja na wakidakiwa na mwingine, akahitimisha kuwa hakuna uwezo wa kudumu unaoweza kutambulika katika namba. Wadakaji walimcheka. Mimi sidhani alikosea kwa vipimo alivyokuwa navyo, wala sidhani wadakaji wanajidanganya. Miaka ile upokeaji nao haukuwa na kipimo, na kutokuwa na kipimo hakukuuzuia kuwapo. Makocha, ambao mkate wao unategemea ushindi, waliendelea kuwaajiri wazee hawa. Nawaamini zaidi watu wanapotoa fedha kuliko wanapotoa maneno.

Fainali ya 2016 inaonesha kazi hii ya mdakaji wa akiba ikiwa katika hatari yake yote. Chicago Cubs hawakuwa wameshinda ubingwa tangu 1908. Mrushaji wao Jon Lester, wa kiwango cha juu kabisa, alikuwa na udhaifu wa ajabu: alishikwa na kigugumizi cha mkono kila alipotakiwa kurusha mpira kwa mlinzi wa kituo cha kwanza. Kwa hiyo alihitaji mdakaji wa kuwachunga wakimbiaji kwa niaba yake. Huyo alikuwa David Ross, miaka 39, mdakaji wa akiba karibu maisha yake yote, ambaye alikuwa ametangaza kuwa anastaafu. Alidaka Lester anaporusha, basi.

Tarehe 2 Novemba, mechi ya saba, mjini Cleveland. Katika awamu ya tano kocha alimwingiza Lester, na kwa kuwa Lester na Ross walikuwa pete na kidole, kijana Willson Contreras akatolewa, mzee akaingia. Mara Ross akarusha vibaya kwa kituo cha kwanza. Kisha mrusho wa Lester ukagonga chini, ukampiga Ross kwenye kinyago, ukatiririka, na wakimbiaji wawili wa Cleveland wakaingia nyumbani kwa tukio hilo moja. Ungesema kocha amekosea kumwingiza. Awamu iliyofuata Ross akapiga homurani, mpira ukavuka uzio wa katikati, dhidi ya Andrew Miller, mrushaji ambaye msimu ule wapigaji vijana walimwogopa. Hakuna aliyewahi kupiga homurani katika mechi ya saba ya World Series akiwa na umri kama huo. Cubs walishinda 8 kwa 7 katika awamu ya kumi, na wenzake wakambeba Ross mabegani kutoka uwanjani.

Wasimuliaji wanapenda kuishia na mabega hayo. Mimi hunivutia zaidi ile awamu ya tano, kwa sababu ndiyo kazi yenyewe: kuingia baridi, usiku mkubwa, kumpokea mtu mgumu, na kosa lako likaonekana na dunia nzima huku mirusho mia uliyoizuia wiki nzima ikiwa haina shahidi.

Shahidi wao wa uhakika ni makocha, na mara nyingi wao wenyewe huja kuwa makocha. Ross aliiongoza Cubs kuanzia 2020 hadi 2023. Bruce Bochy, ambaye kama mchezaji alikuwa mdakaji wa akiba kwa misimu tisa, amenyakua ubingwa mara nne kama kocha mkuu, mara tatu na San Francisco Giants (2010, 2012, 2014) na mara moja na Texas Rangers (2023). Stephen Vogt aliingia Ligi Kuu mwaka 2012 na kukosa mpigo katika nafasi zake 32 za mwanzo. Mpigo wake wa kwanza, Juni 2013 akiwa Oakland, ulikuwa homurani, na wa mwisho kabisa, Oktoba 2022, ukawa homurani pia. Miezi michache baadaye alikuwa kocha wa warushaji wa akiba Seattle, na kwa msimu wa 2024 Cleveland Guardians wakampa timu nzima. Amechaguliwa kocha bora wa ligi yake misimu miwili ya kwanza mfululizo. Si kwamba benchi linafundisha uongozi kwa miujiza. Mdakaji wa akiba huhudhuria mikutano yote ya warushaji na yote ya wapigaji, hutazama mechi mia na zaidi kwa mwaka bila kucheza, na hana la kufanya humo ila kufikiri kocha angefanya nini.

Kuna hatari moja katika kuandika habari za hawa watu: kuwageuza watakatifu wa uvumilivu. Kratz alipokuwa na miaka 40, akiwa na Yankees msimu wa 2020, aliulizwa kuhusu vijana wa Amerika ya Kilatini aliowadakia Triple-A na sasa akiwadakia Ligi Kuu, miongoni mwao Deivi García wa Jamhuri ya Dominika. Machozi yakamtoka mbele ya kamera. Yalikuwa ya kweli, na yanagusa. Lakini kwa kila Kratz wapo wadakaji wengi waliokaa miaka minane kwenye mabasi yale na simu haikulia, wakarudi kwao na mgongo wa mzee na bila siku hata moja ya zile 43. Mfumo unawahitaji wao pia, maana bila wao hakuna wa kuwadakia warushaji chipukizi wa thamani. Ila hauwalipi kwa kuhitajika huko.

Hata huku kwetu kuna aliyeusogelea mlango huo. Uganda ina besiboli ya miaka mingi sasa. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za watoto huko Williamsport, Pennsylvania, baada ya Waganda wenzao kunyimwa viza mwaka uliotangulia. Dennis Kasumba wa Wakiso, mdakaji, alijulikana kwa video za mazoezi yake akichuchumaa na matairi chakavu, na mwaka 2023 alifika Maryland kuchezea Frederick Keys, katika ligi ya majira ya joto ambayo MLB huitumia kutazama vijana. Wengi walistaajabu kwa nini kijana achague nafasi yenye maumivu kuliko zote. Kwa hesabu za soko nilizoeleza, ni chaguo la akili: hakuna nafasi nyingine uwanjani inayomkaribisha mtu kwa sababu tu ana mikono, moyo na subira.

Swali la sasa ni kama hesabu hizo zitabaki zilivyo. Kuanzia msimu wa 2026 MLB imeruhusu rufaa kwa mashine. Mwamuzi bado anaamua kila mrusho, lakini kila timu ina rufaa mbili, na ikishinda rufaa haiipotezi. Anayekata rufaa hugusa kichwa chake papo hapo, kamera zikaonesha mpira ulipita wapi, na uamuzi ukabaki au ukageuzwa. Kocha haruhusiwi kuomba; wanaoruhusiwa ni mpigaji, mrushaji na mdakaji. Wengi waliandika kwamba huo ndio mwisho wa kina Mathis, kwa kuwa straiki iliyoibwa sasa inaweza kudaiwa.

Naona wameharakisha. Rufaa mbili haziwezi kulinda kingo zote za mirusho 150, kwa hiyo mkono mtulivu bado una soko. Isitoshe, rufaa yenyewe imeleta kazi mpya: kujua, ndani ya sekunde mbili, kama mpira uligusa ukingo, na kama awamu hii inastahili kuutumia mtaji huo. Rufaa hizo zilipojaribiwa kwenye mechi za maandalizi za 2025, wadakaji ndio waliopatia mara nyingi kuliko wapigaji na warushaji. Na wadakaji wenye mazoea nazo zaidi hawakuwa nyota wa Ligi Kuu. Triple-A imekuwa ikichezwa na mashine hiyo tangu 2023, na waliokuwa huko miaka yote hiyo, wakishushwa, wakiachwa na kuokotwa, ni wadakaji namba mbili na namba tatu. Klabu zinazotafuta wa kuzifundisha timu zao lini kugusa kofia na lini kunyamaza zinajua namba zao za simu.